Mawimbi Laki Moja Kabla ya Kumezwa

Hotuba kwa walimu wa fizikia, wanafunzi na wananchi, Kisumu

Wazee wetu mlioketi mbele, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mlioamka alfajiri kutoka Kakamega, Siaya, Bungoma na kwingineko, hamjambo? Nashukuru kualikwa. Niliombwa nizungumze kuhusu mashimo meusi, na nilipouliza nizungumzie upande gani nikajibiwa, "Wowote, mradi watoto wasilale." Basi nimechagua upande ninaoupenda mimi, ambao magazeti huupita mbio: upande wa hesabu. Mkilala, lawama ni zangu.

Wengi wenu mmesoma habari za tarehe 14 Septemba 2015. Siku hiyo mitambo miwili ya LIGO kule Marekani, mmoja Hanford na mwingine Livingston, ilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, kwa mara ya kwanza. Mashimo mawili meusi, moja lenye uzito wa Jua mara 36 hivi na jingine mara 29, yalikuwa yamegongana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 kutoka hapa. Tangazo likatoka Februari 2016, na mwaka uliofuata Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne wakatunukiwa Nobeli. Watu husahau jinsi tukio lenyewe lilivyokuwa fupi. Sehemu ya tano ya sekunde. Mawimbi manane hivi, kwisha.

Mimi leo nimekuja na habari za mawimbi laki moja.

Katikati ya galaksi nyingi kubwa mna shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara mamilioni. Letu liko upande wa kundi la nyota la Mshale. Usiku wa Julai, umeme ukikatika mtaani, tokeni nje mtazame kusini, jirani na mkia wa Nge: liko huko, miaka ya nuru elfu 26 na ushei, nalo lina uzito wa Jua mara milioni 4 na kitu. Reinhard Genzel na Andrea Ghez, kila mmoja na kundi lake, walizifuatilia nyota zinazolizunguka kwa miaka mingi mpaka hapakuwa na namna nyingine ya kueleza, wakashiriki Nobeli ya 2020 na Roger Penrose.

Shimo la namna hiyo haliishi peke yake. Limezungukwa na nyota nyingi mno, zilizo hai na zilizokufa. Nyota ikifa huacha kibete cheupe, au nyota ya nyutroni, au shimo jeusi dogo lenye uzito wa Jua mara kumi hivi. Katika kusukumana huko, mara moja moja gimba mojawapo hutupwa karibu sana na shimo kubwa. Nyota ya kawaida kama Jua letu ingeraruliwa kabla ya kufika. Gimba lililoshikamana sawasawa haliraruki. Linaanza kuzunguka, kila mzunguko unatoa mawimbi, mawimbi yanachukua nishati, na mzingo, yaani njia yake ya kuzunguka, unasinyaa kidogo. Halitoki tena.

Naomba chaki, kwa sababu sitaki mchukue namba zangu kwa imani. Uzito wa Jua unaweza kuandikwa kama muda. Chukua namba ya mvutano ya Newton, ile G mnayoijua, zidisha kwa uzito wa Jua, kisha gawanya kwa kasi ya nuru mara tatu mfululizo. Unapata sekunde 0.00000493. Kilo zimepotea njiani, imebaki sekunde tupu. Shimo la Jua milioni moja basi ni sekunde 4.93.

Shimo lisilojizungusha lina mzingo wa mwisho ulio imara. Ndani ya hapo hakuna kuzunguka, ni kutumbukia tu. Mtu aliye mbali akipima muda wa mzunguko mmoja kwenye mzingo huo, atapata ule muda wa shimo, mara mbili, mara pai, mara kipeuo cha pili cha 216. Hizo tatu za mwisho ukizizidisha unapata 92.3. Kwa hiyo 4.93 mara 92.3: sekunde 455. Dakika saba na nusu na sekunde chache. Mzingo wenyewe una nusu kipenyo cha kilomita milioni 8.9, kwa hiyo mzunguko mmoja ni safari ya kilomita milioni 56, na gimba linaimaliza kwa muda huo. Gawanyeni wenyewe: ni asilimia 40 ya kasi ya nuru. Nalo linalokimbia hivyo, kama ni shimo la Jua kumi, nusu kipenyo chake ni kilomita 30, kutoka hapa hadi Maseno pale ikweta inapopita, na kuzidi kidogo.

Kila mzunguko hutoa mawimbi makubwa mawili. Wimbi moja kila dakika tatu na sekunde arobaini na kitu, kwa mwaka mzima wenye sekunde milioni 31.5. Hapo ndipo laki moja inapotoka, na ni makadirio tu, maana miezi ya mwanzo gimba liko mbali zaidi na linakwenda polepole.

LIGO haiwezi kusikia kitu cha dakika tatu. Chini ya mawimbi kumi hivi kwa sekunde, mtetemo wa ardhi unafunika kila kitu. Ndiyo sababu ya LISA, mradi wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya likishirikiana na NASA, ulioidhinishwa Januari 2024 na kupangiwa kurushwa 2035. Vyombo vitatu vitaifuata Dunia kwa nyuma, kiasi cha kilomita milioni 50 kutoka kwetu, vikiunda pembetatu ambayo kila upande una kilomita milioni 2.5. Ndani ya kila kimoja mna vipande viwili vya dhahabu na platinamu vinavyoelea bila kuguswa, na leza itapima jinsi umbali kati ya vyombo unavyotikisika, kwa usahihi wa sehemu chache za bilioni ya milimita. Chombo cha majaribio, LISA Pathfinder, kilirushwa Desemba 2015 kikaonyesha kwamba vipande hivyo vinaweza kutulia kiasi kinachotakiwa. Sitakaa hapo. Mambo ya vyombo yana wasemaji wengi.

Ninalotaka kulisema ni hili. Habari hizi huandikwa kana kwamba chombo ndicho kinachoona. Kwa magimba haya madogo, chombo hakioni. Mawimbi yao ni dhaifu kuliko kelele za mtambo wenyewe. Ukichukua data ya saa moja, hata ya siku nzima, ukaikodolea macho, huoni kitu. Juu ya hayo, data ileile itajaa mawimbi ya mamilioni ya vibete vyeupe vinavyozungukana wawili wawili ndani ya galaksi yetu.

Unalipata kwa njia moja. Unakuwa na mchoro wa wimbi unalolitafuta ulioandaliwa kabla, tuuite kiolezo. Unaulaza juu ya data ya mwaka mzima, unazidisha nukta kwa nukta, unajumlisha. Kiolezo kikiwa sahihi, kila wimbi linaleta mchango wake mdogo, kelele zinafutana zenyewe kwa zenyewe, na mwisho wa mwaka jumla inasimama juu. Kiolezo kikipotoka nusu wimbi kufikia katikati ya mwaka, miezi ya pili inaanza kula kilichokusanywa na miezi ya kwanza. Mwisho unabaki na sifuri. Ubaya wa sifuri hiyo ni kwamba haikwambii kuna kitu umekikosa. Nusu wimbi, kati ya laki moja! Hicho ndicho kipimo cha kazi yetu, na ndiyo maana nasema mtambo bila hesabu ni vyuma vya bei ghali vinavyozunguka Jua.

Wala violezo si vichache. Wimbi moja la namna hii linaelezwa kwa namba 14: uzito wa shimo, uzito wa gimba, kasi ya shimo kujizungusha, umbo la mzingo, mwinamo wake, mahali pake angani, na kadhalika. Mwaka 2004 Jonathan Gair na wenzake walikadiria kwamba anayetaka kujaribu kila uwezekano kwa data ndefu angehitaji violezo kiasi cha 10 kwa kipeo cha 40. Andika moja, fuatisha sifuri arobaini. Hakuna kompyuta ya hivyo, na haitakuwepo. Kwa hiyo msako utaenda kwa awamu, vipande vifupi vya data kwanza, kisha kuunganisha vile vinavyotia shaka. Lakini hata hao wa vipande wanahitaji violezo.

(Hapa mwalimu mmoja aliyekaa karibu na mlango alinyosha mkono. Aliuliza: "Mwalimu, kompyuta kubwa zipo. Kwa nini msizipe milinganyo ya Einstein zikaitatua zenyewe, nyinyi mkapumzika?")

Swali zuri, na ningekuwa na uwezo ningepumzika. Kompyuta zilianza kuweza mgongano wa mashimo mawili mwaka 2005, Frans Pretorius alipovunja ukuta uliowashinda watu kwa miongo. Kwa mashimo ya LIGO, yanayokaribiana kwa uzito, njia hiyo inafanya kazi vizuri sana. Tatizo ni udogo. Gimba likiwa dogo mara kumi zaidi, linazunguka mara kumi zaidi kabla ya kumezwa. Vilevile, ili kompyuta ilione, hatua zake za muda lazima ziwe fupi mara kumi. Kumi mara kumi, kazi imekuwa mara mia. Mwaka 2020 Carlos Lousto na James Healy walifika uwiano wa 1 kwa 128, tena kwa mizunguko michache ya mwisho. Sisi tunataka 1 kwa 100,000, na mizunguko makumi ya maelfu. Mwalimu, hesabu hiyo ifanye ukirudi nyumbani, utaona kwa nini tumerudi kwenye kalamu.

Sasa nitaenda polepole, maana hapa ndipo penye nyama.

Tuanze kama vile gimba halina uzito kabisa. Linafuata tu njia ambayo shimo limeichora. Roy Kerr wa New Zealand ndiye aliyepata, mwaka 1963, mwaka wetu wa uhuru, jibu la milinganyo ya Einstein kwa shimo linalojizungusha. Miaka mitano baadaye Brandon Carter akagundua kwamba gimba linalozunguka shimo la Kerr lina kitu cha tatu kisichobadilika, mbali na nishati na kiasi cha mzunguko wake kwenye mhimili wa shimo. Watu hawakukitarajia. Bila hicho cha tatu njia ingekuwa vurugu. Kikiwepo, mwendo unagawanyika katika miendo mitatu safi: kuzunguka, kusogea karibu na kurudi mbali, na kupanda juu na kushuka chini. Kwa Newton miendo hii yote mitatu huchukua muda mmoja, ndiyo maana sayari hurudi ilipoanzia. Karibu na shimo la Kerr kila mmoja una muda wake.

Mliokulia huku mmewahi kumkalia karibu mpiga nyatiti. Vidole viko kwenye nyuzi nane. Kwenye kidole gumba cha mguu kuna oduong'o, ile pete ya chuma, inagonga ubao. Kwenye mguu kuna gara zinazolia. Mgeni husikia kitu kimoja kimechanganyika. Aliyezaliwa nayo anazitenga zote tatu, hata sherehe ikiwa na makelele kiasi gani, kwa sababu anajua kila moja inapaswa kurudi lini. Wimbi la gimba letu limeundwa hivyo hivyo: kila mdundo ndani yake ni jumla ya ile midundo mitatu kwa namba kamili, mbili za huu, moja ya ule, tatu za huo mwingine. Ukiijua mitatu, umezijua zote. Tofauti ni kwamba ya kwetu inaongeza kasi mwaka mzima, na lazima ujue inaongeza kwa kiasi gani.

Hatua ya pili basi ni kuhesabu mawimbi yanaiba nini. Hapa anaingia Mwafrika mwenzetu. Saul Teukolsky ni mzaliwa wa Johannesburg, alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand kabla ya kwenda Caltech, na mwaka 1972 na 1973, akiwa bado mwanafunzi, alichapisha mlinganyo mmoja unaoeleza jinsi shimo la Kerr linavyotikisika likiguswa kidogo. Aliweza kutenganisha vitu ambavyo vilionekana vimefungamana. Miaka hamsini baadaye, sote tunaoshughulika na hesabu hizi tunakula kwa mlinganyo huo. Unaliweka gimba kwenye mzingo wake, mlinganyo unakupa nishati inayotoka kwenda mbali na ile inayozama shimoni, na hiyo ndiyo nishati ambayo mzingo umepoteza. Kile cha tatu cha Carter hakina mizani rahisi ya namna hiyo. Ilibidi kusubiri kazi ya Yasushi Mino ya mwaka 2003 na wenzake waliofuata kabla ya kujua namna ya kukifuatilia.

Ukiishia hapo una wimbi zuri, na wengi walidhani panatosha. Hapatoshi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Gimba, hata liwe dogo vipi, nalo linakunja nafasi na wakati. Mkunjo wake unasambaa, unagonga mkunjo wa shimo kubwa, sehemu yake inarudi, na gimba linajikuta linasafiri ndani ya athari ya mwendo wake wa zamani. Linajisukuma lenyewe. Na ukijaribu kuihesabu nguvu hiyo kwa njia ya moja kwa moja unapata jibu lisilo na mwisho, kwa sababu mkunjo wa gimba mahali gimba lilipo haupimiki. Jambo hili liliwasumbua watu hadi 1997, ambapo makundi mawili, Mino, Misao Sasaki na Takahiro Tanaka kwa upande mmoja, Theodore Quinn na Robert Wald kwa upande mwingine, yalifikia jibu lilelile kwa njia tofauti. Mwaka 2003 Steven Detweiler na Bernard Whiting wakalifanya lieleweke zaidi. Waliugawa mkunjo wa gimba vipande viwili. Kimoja hakina kikomo, lakini hakisukumi upande wowote. Cha pili ni laini kabisa. Unakiongeza hicho cha pili juu ya mkunjo wa shimo, na gimba linaanguka huru ndani ya jumla hiyo, kama Einstein alivyotaka tangu mwanzo. Mimi nikisoma kazi ile hufurahi kila mara. Kitu kilichokuwa donda ndugu kimegeuka kuwa mwendo wa kawaida, mradi ujue ni mkunjo upi wa kuuhesabia.

Kujua na kuhesabu ni mambo mawili. Leor Barack na Norichika Sago walihesabu nguvu hiyo kwa shimo lisilojizungusha, mzingo wa mviringo kwanza, wa duaradufu baadaye, na 2010 ilikuwa imekamilika. Kwa shimo la Kerr na mzingo wa umbo lolote, Maarten van de Meent alifika mwaka 2018. Ni miaka ishirini na moja tangu milinganyo ipatikane. Nyinyi wanafunzi mnaokata tamaa swali likichukua jioni mbili, kumbukeni hilo. Nasema tu.

Je, sasa panatosha? Bado, na sababu waliieleza Tanja Hinderer na Éanna Flanagan mwaka 2008. Jumla ya pembe ambayo wimbi limezunguka tangu mwanzo hadi mwisho unaweza kuiandika kwa mafungu. Kama uwiano wa uzito ni 1 kwa 100,000, fungu la kwanza ni kubwa, la kiasi cha laki, nalo linatoka kwenye ile nishati ya Teukolsky. Fungu linalofuata ni kiasi cha radiani moja tu. Radiani moja ni sehemu ya sita ya duara, kidogo sana. Lakini tulishasema nusu wimbi linatosha kutuangamiza, na nusu wimbi ni radiani tatu na kitu. Huwezi kuliacha. Na ili ulipate unahitaji nguvu yote ya daraja la kwanza, pamoja na upotevu wa nishati wa daraja la pili, yaani mkunjo unaozaliwa na mkunjo wa gimba ukikutana na mkunjo wake wenyewe.

Daraja la pili ni kazi ya kikatili. Kila kilichokuwa hakina kikomo mwanzo sasa kimezidishwa kwa chenyewe. Adam Pound, Barry Wardell, Niels Warburton na Jeremy Miller walitoa matokeo ya kwanza 2020, wakafuatisha ya nishati 2021, na 2023 wao na wenzao wakachapisha mawimbi kamili ya daraja hilo. Ni kwa mzingo wa mviringo na shimo lisilojizungusha, hatua ya kwanza. Lakini walipoyaweka kando ya mawimbi ya kompyuta kubwa, yalifanana hata pale uwiano ulipokuwa 1 kwa 10, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na haki ya kutegemea njia iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo. Kwa nini inafanya kazi mbali hivyo na nyumbani kwake, watu bado wanabishana. Kwa shimo linalojizungusha kwa kasi na mzingo ulioinama, ambao ndio tunaoutarajia angani, daraja la pili halijakamilika.

Kuna mtego mwingine, nitaugusa tu. Gimba likisinyaa, ile midundo mitatu inabadilika kila mmoja kwa mwendo wake, na hufika wakati miwili inakuwa na uwiano wa namba ndogo, tuseme mbili kwa tatu. Pale gimba linarudia njia ileile badala ya kuizungukia sehemu yote, na msukumo mdogo ambao kwa kawaida hufutana hujilimbikiza upande mmoja. Mzingo unaruka kidogo, kwenda mbele au nyuma kutegemea bahati ya pembe. Flanagan na Hinderer walionya 2012, na tangu hapo tumejua kwamba karibu kila gimba litapita angalau sehemu moja ya hivyo likiwa ndani ya upeo wa LISA. Kiolezo kisichojua hilo kinapotea njia kuanzia hapo.

Tena violezo vinatakiwa haraka. Hesabu ya Teukolsky kwa mzingo mmoja inaweza kuishughulisha kompyuta kwa muda mrefu, na msako unahitaji mamilioni ya violezo. Mwaka 2021 Alvin Chua, Michael Katz, Warburton na Scott Hughes walionyesha namna: hesabu nzito ifanywe mara moja, ihifadhiwe, kisha kadi za michoro, zilezile vijana wanazotumia kuchezea michezo ya kompyuta, ziunganishe vipande. Wimbi la mwaka mzima sasa linatoka kwa muda usiofika sekunde moja. Programu hiyo iko wazi kwa umma, na iko nyingine, Black Hole Perturbation Toolkit, yenye nyenzo nyingi za mlinganyo wa Teukolsky. Mwanafunzi aliye Njoro au Kakamega mwenye laptopu ya kawaida na intaneti ya kubahatisha anazipakua usiku, bei ya bando ikishuka, na asubuhi anafanya kazi ileile inayofanywa Dublin au Southampton. Katika sayansi ya anga za juu, ni maeneo machache ambapo hilo ni kweli. Darubini hatuna. Kalamu tunazo.

Na msidhani sisi ni wageni kwenye habari hizi. Setilaiti ya kwanza duniani iliyojengwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa sababu ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Data ya Uhuru ndiyo iliyoonyesha jinsi eksirei za chanzo kiitwacho Cygnus X-1 zinavyobadilika haraka, na Cygnus X-1 ikawa mshukiwa mkuu wa kwanza wa kuwa shimo jeusi. Leo eksirei zimeanza tena kutunong'oneza. Mwaka 2019 Giovanni Miniutti na wenzake walitangaza galaksi iitwayo GSN 069, ambayo kitovu chake kilikuwa kikitoa milipuko ya eksirei kila baada ya saa tisa hivi. Nyingine, 1ES 1927+654, ilionekana na mapigo ya eksirei yaliyokuja kila dakika 18, na katika miaka miwili yakafika kila dakika saba. Linganisheni na zile sekunde 455 za ubaoni. Huenda ni kibete cheupe kinachozunguka ukingoni. Huenda ni gesi tu. Mimi mtu akinilazimisha niweke pesa, kwa sasa ningeziacha mfukoni.

Nina dakika chache, nipokee swali moja.

(Msichana wa kidato cha tatu aliuliza: "Na kama Einstein alikosea, hesabu hizi zote si zitakuwa bure?")

Kinyume chake, dada. Shimo la Kerr ni kitu cha ajabu: uzito wake na kasi ya kujizungusha, basi, umelimaliza. Jinsi lilivyobonyea, jinsi mvutano wake ulivyo juu na chini, vyote vinatokana na namba hizo mbili. Fintan Ryan alionyesha mwaka 1995 kwamba wimbi la gimba dogo linabeba ndani yake umbo zima la mvutano wa shimo, kwa sababu gimba limelizunguka karibu sana, mara nyingi sana. Kwa hiyo unaupima uzito, unaipima kasi ya kujizungusha, halafu unapima ubonyeo peke yake. Ukikuta ubonyeo haulingani na zile mbili, ama kitu kile si shimo la Kerr, ama milinganyo ina kasoro.

Ama wewe una kasoro. Gesi inayozunguka shimo inaweza kulivuta gimba. Nyota ya tatu iliyo karibu inaweza kulisukuma. Ule mruko wa mbili kwa tatu usipouweka, wimbi litaonekana limepotoka. Daraja la pili usipolimaliza, vivyo hivyo. Kila mojawapo ya hayo linaweza kujivika sura ya Einstein aliyekosea, na tofauti inajulikana tu kwa kulihesabu kila moja mpaka mwisho. Ndiyo maana siku LISA itakapokuwa juu na mtu akasimama kutangaza kwamba uhusianifu, ile nadharia ya Einstein, umeanguka, swali la kwanza nitakalomuuliza litakuwa, daraja la pili uliliweka? Na gesi je?

Asanteni.